Wenye Mchanga wa Kwa Ndunge

Katika karamu ya kuniaga, ofisi mbili ziligombania kunisifu. Mkubwa wa kaunti alisimama akasema, "Madam Kalondu ni wetu. Tumemlea sisi." Kabla hajakaa vizuri, mkubwa aliyetoka Nairobi akachukua kipaza sauti akasema mimi ni mtoto wa serikali kuu, na kwamba kaunti ilinipokea nikiwa nimeshaiva. Watu wakacheka, keki ikakatwa, picha zikapigwa. Kwenye picha zote natabasamu. Mkizitazama vizuri mtaona kwamba kisu nimekishika kwa nguvu kuliko keki ilivyohitaji.

Mwaka wangu wa mwisho kazini niliumalizia kwenye milango ya watu hao wawili, nikimwomba mmoja wao, yeyote yule, aulinde mchanga wa bwawa la Kwa Ndunge. Siku ya keki wote walinitaka. Siku za mchanga hakuna aliyenijua.

Ninyi mliobaki idarani mmeniomba niwaandikie ya kazini, "ya kutusaidia," mkasema. Habari za vyeo siandiki, maana wengine walivipata wakiwa wamelala. Nitaandika habari za mchanga, kwa sababu ndio niliofanya nao kazi tangu ujana wangu, na kwa sababu bado nina hasira na sioni haja ya kuificha.

Niliporipoti kazini mara ya kwanza, kule Masii, nilikuwa na cheti kipya na viatu vyeusi vya kung'aa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kitonga, mtu mfupi wa Mitaboni, asiyependa maneno mengi. Hakukitazama cheti. Alitazama miguu.

"Hiyo viatu ni ya kanisa?"

"Ni ya kazi, mzee."

"Kazi gani?"

Alinipeleka kwenye mto mkavu, jua la saa sita, akanipa nyundo na nondo ndefu iliyokuwa na pengo kila baada ya shubiri. Mapengo hayo aliyachonga mwenyewe kwa tupa. Unaipigilia nondo kwenye mchanga mpaka igonge mwamba, kisha unaizungusha na kuivuta. Kila pengo linarudi na punje za mahali lilipofika, nawe unaona kama huko chini kuna mchanga mnene au tope, pakavu au pana unyevu. Nilipigilia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Viatu vya kanisa vilifia hapo. Kitonga akasema, "Uliza chini kwanza. Huku juu kumejaa waongo." Nilidhani anazungumzia mito.

Kwa msomaji asiyejua, bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na simiti unaokata mto mkavu, umekaa juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mto unashuka na mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake. Jua haliyafikii wala mbu hawayapati. Kiangazi kikikaza unachimba shimo la kina cha mkono, unangoja kidogo, unachota maji safi. Mgeni akipita ataona mchanga mtupu na kuapa kwamba hapo hakuna kitu. Kumbe mchanga ndio tangi lenyewe. Ukiuchukua mchanga, umechukua maji ya watu. Nimelieleza jambo hili maofisini mpaka koo likanikauka, na nyuma ya meza za ofisi hizo palikuwa na maji ya chupa.

Kitonga alinifundisha pia kwamba ukuta haujengwi wote mara moja. Unaujenga kimo cha goti, unaacha mvua ipite. Mchanga mzito unatua, tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Msimu unaofuata unaongeza kimo kingine. Ni kazi ya subira, na wanasiasa hawaipendi kwa sababu haina siku moja ya kukata utepe. Mheshimiwa mmoja wakati huo alitaka bwawa lake liishe kabla ya kampeni. Amri ikatoka Nairobi, ukuta ukapandishwa wote kwa mpigo mmoja, utepe ukakatwa, ngoma zikalia. Mvua iliponyesha, ukuta mrefu ulizuia kila kitu na tope likatua lote. Kitonga alisimama ukingoni, akatumbukiza kidole chake, akakitazama. "Wametujengea sahani ya uji," akasema. Hadi leo pale pameota majani, na mbuzi wanamshukuru mheshimiwa.

Kazi yenyewe ya mikono hufanywa na mwethya. Kwa wale mlioletwa kutoka kwingine, mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu na kwa pamoja: leo matuta ya shamba la huyu, kesho kisima cha yule, keshokutwa bwawa la wote. Wengi wao ni wanawake. Mwethya una nyimbo zake, na una sheria moja isiyo na huruma. Asiyefika siku ya kazi, udhuru wake ni msiba au ugonjwa. Kama hana hayo, wenzake wanakwenda nyumbani kwake na kuchukua kitu anachokihitaji, sufuria mara nyingi, na hakirudi mpaka aje abebe mawe. Huo hauitwi wizi. Mwenye kitu huwa anajua kiko kwa nani na atakipataje.

Kitonga mwenyewe alikamatwa na sheria hiyo. Aliitwa mkutano wa wizara, akakosa siku ya kazi, na aliporudi akakuta redio yake haipo. Alikuwa mtu wa kusikiliza taarifa ya habari kila jioni, kama wengine wanavyokwenda ibadani. Nilimwambia, "Mzee, wewe ni ofisa, waambie warudishe." Akanitazama kama vile alivyotazama viatu vyangu. Alhamisi iliyofuata alibeba mawe hadi adhuhuri, jasho likimchuruzika, akapewa redio yake na kikombe cha chai. Njiani akaniambia, "Ukisema bwawa ni lako, unabeba mawe. Hakuna mkubwa hapo."

Kisha ukaja ugatuzi. Nisieleweke vibaya, niliupigia kura na ningeupigia tena. Asubuhi moja tuliambiwa kwamba tangu siku hiyo sisi si watu wa wizara tena, ni watu wa kaunti. Kibao cha mlangoni kikabadilishwa. Meza zilibaki zile zile, na ile chupa ya chai isiyohifadhi joto ikabaki pia. Walikuja watu wa pande mbili kugawana vitu: hiki ni cha serikali kuu, kile ni cha kaunti. Waligombania gari moja bovu kwa wiki nzima. Nondo ya Kitonga, aliyoniachia alipostaafu, ilikuwa imeegemea ukutani mbele ya macho yao, na hakuna aliyeitaka. Nikaenda nayo nyumbani.

Bwawa la Kwa Ndunge, upande wa Kola, ndilo ninalojivunia kuliko yote. Nilipatafuta mahali kwa nondo hiyo, nikiongozwa na mikuyu mitatu iliyokuwa ikibaki kijani wakati kila kitu kimekauka. Mwenyekiti wa mwethya pale ni Mbithe, mama mjane mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde na akaitika. Tulijenga kidogo kidogo, msimu kwa msimu, kama nilivyofundishwa. Hata Hassan, mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye asili ya Kisomali anayepitisha mifugo yake pale kwenda sokoni Masii, alikuwa akija siku za kazi. Mara ya kwanza kina mama walimwambia akae kivulini kwa kuwa ni mgeni. Akasema, "Mgeni ni siku mbili, mama. Ng'ombe yangu imekunywa hapa mwaka mzima." Akavua koti, akabeba mawe.

Mchanga ulipojaa mpaka ukingoni mwa ukuta, Mbithe alichimba shimo, akachota maji kwa kata, akaninywesha mimi kwanza. "Muvea, Madam," akasema. Asante. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapokea malipo yaliyonifika kama yale.

Malori yalianza kuja mwaka mmoja kabla ya kustaafu kwangu. Msidhani yalikuja kwa kujificha. Yalikuja asubuhi baada ya chai, redio zikilia, na vijana wa kupakia wakiwa na mabeleshi mapya. Walichukua mchanga wa nyuma ya ukuta, tena waliutaka huo hasa kwa sababu ni msafi. Tulikuwa tumewachujia. Mchanga huo unakwenda Mavoko na Syokimau, karibu na Nairobi, kujenga maghorofa ambayo wapangaji wake wananunua maji ya magari. Maji yao yako ukutani na hawajui.

Nilimsimamisha dereva wa lori la kwanza. Alikuwa mtu mpole, hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Habari, mama. Mimi niko na kibali mbili," akasema, akinyoosha karatasi dirishani. "Hii ya kaunti, hii ya Nairobi. Wewe unataka gani?"

Kijana aliyekaa kando yake akachungulia. "Niaje, mathe. Tuachie kazi."

Nilikwenda ofisi ya kaunti. Ofisa wa hapo, ambaye simtaji kwa sababu ana watoto shuleni, alinisikiliza akitikisa kichwa kwa huzuni. Akasema sisi kaunti tunatoza tu ushuru wa lori linalopita barabarani, lakini mto, Madam, mto ni wa Nairobi. Nenda Nairobi. Nilikwenda. Ofisa wa huko, bibi mwenye adabu sana, alinikaribisha kiti, akasema wao wanaangalia mazingira kwa jumla, lakini mchanga wa ujenzi uligatuliwa. Rudi kaunti. Nilirudi. Nikaambiwa kuna kamati ya pamoja itakayoundwa kuamua nani mwenye mamlaka. Nikauliza kama malori yanaweza kusimama wakati kamati inaundwa. Wakasema kusimamisha kunahitaji mwenye mamlaka.

Niliwaomba waandike barua moja, yenye mistari miwili, waitie sahihi wote wawili. Haiwezekani kisheria, nikaambiwa. Ofisi hizi mbili haziwezi kuandika kwa sauti moja. Nilizunguka hivyo huku kina mama wakichimba mashimo yanayozidi kuwa marefu, kutoka kina cha mkono hadi kina cha mtu, na punda wakisimama kwenye foleni hadi jioni. Hasira yangu ilianza kunilaza na kuniamsha. Daktari alisema ni presha. Nilimwambia presha ina kibali cha kaunti na cha Nairobi.

Hatimaye chifu aliitisha baraza pale pale mtoni. Maofisa wote wawili walikuja, kila mmoja na gari lake, moja likaegeshwa ukingo huu na jingine ule. Malori mawili yalikuwepo pia, yamesimamisha kupakia kwa heshima ya mkutano. Nami nilikuwa nimeketi na maofisa, maana bado nilikuwa na kazi kwa wiki chache.

Wa kaunti alianza. "Wananchi, mchanga ni rasilimali ya kaunti. Msikubali mtu kutoka juu awanyang'anye mali yenu." Wa Nairobi akasimama. "Mto ni wa taifa, na kilicho ndani ya mto ni cha taifa. Kaunti ina kazi ya kukusanya ushuru, basi." Wakaendelea hivyo, wakahamia Kiingereza, wakatajiana vifungu. Nilishangaa mpaka nikasahau kukasirika. Ofisini mchanga haukuwa na mwenyewe. Mbele ya watu, na malori yakisikiliza, ukapata wawili.

Mbithe akainua mkono.

"Mimi niko na swali moja. Wewe wa kaunti. Hii mchanga ni yenu?"

"Ni yetu, mama. Bila shaka."

"Na wewe wa Nairobi?"

"Ni ya wananchi wote, chini ya usimamizi wetu."

"Hiyo ni ndiyo ama ni hapana?"

"Ni ndiyo, mama."

"Sawa." Mbithe akawageukia wenzake. "Mmesikia? Hawa ni memba. Na sisi tumejenga hii bwawa toka chini na sijawahi kuona hawa wakibeba jiwe hata moja." Akawageukia tena maofisa. "Mlikuwa na msiba?"

Wakatazamana. "Hapana."

"Mlikuwa na ugonjwa?"

Wa Nairobi akacheka kidogo. "Tuko na afya njema, mama, tunamshukuru Mungu."

"Basi sheria ni moja."

Mimi nilijua kinachokuja, na nikakunja mikono. Kina mama waligawanyika bila kuambiwa. Kundi moja lilikwenda kwenye malori likakusanya mabeleshi yote. Makundi mengine mawili yalikwenda kwenye magari ya serikali, yakafungua nyuma, yakashusha tairi la akiba la kila gari. Maofisa walidhani ni mchezo wa kuigiza, ule wanaoandaliwa wageni, na mmoja wao alitoa simu apige video. Alipoona tairi lake linabingirishwa kupanda njia ya kwa Mbithe, wimbo wa kazi ukiimbwa nyuma yake, akairudisha simu mfukoni.

"Madam, waambie!" akanipigia kelele.

"Niwaambie nini? Mmesema ni wenu."

Mbithe aliwaeleza kwa upole kabisa. "Kujeni Alhamisi. Ukibeba mawe mpaka saa sita, unapatiwa spea yako na chai. Hata wewe dereva, kama mchanga ni yako, kuja."

Alhamisi hawakuja. Alikuja Hassan, na mimi, na wale wa siku zote. Wiki iliyofuata wakaja polisi. Walimkuta Mbithe jikoni, na matairi mawili yameegemea ukuta, yamepanguswa vumbi. Kuku alikuwa ameshaanza kutagia ndani ya lile la Nairobi. Hakukana kitu. Aliwaambia ni ya memba, yanangoja wenyewe. Wakamtia ndani ya gari na matairi yake, na mabeleshi wakayarudishia malori, ambayo asubuhi iliyofuata yalikuwa mtoni yakipakia.

Nimeiona hati ya mashtaka. Wizi wa mali ya serikali. Walalamikaji ni wawili, wa kaunti na wa Nairobi, majina yao yamefuatana na sahihi zao zimekaa bega kwa bega kwenye karatasi moja. Ile karatasi isiyowezekana kisheria! Mwaka mzima niliiomba kwa ajili ya maji ya watu, nikaikosa. Kwa matairi mawili iliandikwa kwa wiki moja. Na asiniletee mtu ule msemo wa fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia. Hawa fahali hawakupigana hata siku moja. Walikuwa wakila nyasi pamoja, kila mmoja upande wake.

Mbithe yuko nje kwa dhamana. Mimi nilikatiwa keki, nikaaga, nikarudi nyumbani Kola, na siku iliyofuata nilichukua nondo ya Kitonga nikaenda Kwa Ndunge. Mahali ilipokuwa ikizama hadi nikaishika ncha, iligonga mwamba kabla ya kufika nusu. Malori yamechukua mchanga hadi upande wa mbele wa ukuta, na msingi umebaki uchi, una tundu la kupitisha mbuzi. Tukiujaza mawe na zege kabla ya mvua za Novemba, ukuta utasimama na mchanga utarudi, pole pole. Tusipoujaza, mto ukishuka mara moja tu utaondoka na kila jiwe tulilobeba. Kwa hiyo tunafanya kazi kila Alhamisi, na hakuna Alhamisi ya kupoteza. Hassan ameleta vijana wake wa ng'ombe, na malori tumeyafungia njia kwa mawe. Bado hakuna ofisi iliyokuja kutuambia njia ni ya nani.

Kesi inasikizwa wiki hii, mahakamani mjini. Ofisi zote mbili zimenipigia simu, kila moja ikinikumbusha kwamba mimi ni wao na inategemea ushahidi wangu. Nitakwenda, na nitaeleza nilichokiona na nilichokisikia, neno kwa neno, hasa lile neno "ndiyo." Ila siku waliyotupangia ni Alhamisi. Nilimwambia Mbithe kwamba safari hii tutakosa kazi, mimi na yeye, na kwamba wenzetu wataelewa tu, mahakama ni mahakama.

"Mahakama ni msiba?" akaniuliza.

"Hapana."

"Ni ugonjwa?"

Sufuria yangu nimeisugua, nimeiweka karibu na mlango, wakija wasipate taabu kuitafuta.